Maji Yanapojaa Mida

Ghuba ya Mida haina mto. Ukitazama ramani ya pwani ya Kenya utaona doa la buluu limeingia bara kusini mwa Watamu, na ukiwa mtu wa pwani utadhani lazima kuna mto nyuma yake, kama ilivyo Pangani au Sabaki. Haupo. Maji ya chumvi huingia na kutoka kwa mlango mmoja, mara mbili kila siku, na maji baridi machache yanayofika hupenya chini kwa chini katika mawe ya matumbawe bila mtu kuyaona. Eneo lake ni kilometa za mraba 32 hivi. Maji yakipwa, sehemu kubwa ya ghuba ni tope na mchanga. Yakijaa, tope linapotea na bahari inasimama kati ya mashina ya mikoko.

Ndege wanaotafuta riziki kwenye tope hilo hawana la kufanya ila kufuata ratiba ya maji. Wanakula linapofunuka, iwe mchana au usiku wa manane, na wanahamishwa linapofunikwa. Anayetaka kuwaona kwa karibu naye hufuata ratiba hiyohiyo. Kijana wa Kigiriama aliyenikodisha kayaki hakuniuliza jina wala kama najua kuogelea. Aliuliza, "Dada, umeangalia maji?"

Nilikuwa nimeyaangalia. Bamvua lilikuwa limepita siku kadhaa nyuma, na asubuhi ile maji yalitarajiwa kujaa kwenye saa tatu. Bamvua lenyewe halifai kwa kazi hii: maji hupanda zaidi ya mita 3, mkondo unakwenda mbio, na muda wa kukaa na ndege unakuwa mfupi mno. Maji mafu nayo yana ila yake, maana hayapandi vya kutosha kuwasogeza ndege popote. Siku za katikati ndizo nzuri. Tukashuka majini kukiwa bado na ukungu mwembamba, yeye mbele katika kayaki yake, mimi nyuma katika yangu.

Ilikuwa mwisho wa Machi, msimu wa tanga mbili, kaskazi imechoka na kusi haijaamka. Wageni wengi huja Watamu Desemba na Januari kwa ajili ya bahari tulivu na samaki wa hifadhi ya baharini, ambayo ilitengwa mwaka 1968 na ni miongoni mwa za kwanza kabisa katika bara hili. Mimi nilitaka Machi kwa sababu ya ndege. Wengi wao ni wageni kutoka kaskazini ya mbali, wamefika kati ya Agosti na Oktoba, wamekaa na manyoya ya kijivu yasiyo na mvuto, na sasa wanakaribia kuondoka. Wamenenepa. Wamebadili manyoya. Na kwa kuwa wana haraka ya kula, hawapotezi muda kumtazama mtu asiyewasumbua.

Kayaki haikubuniwa kwa burudani. Wainuit wa Greenland na kaskazini mwa Kanada waliiunda kwa magogo yaliyoletwa na bahari, mifupa na ngozi za sili, ili wamsogelee mnyama bila kelele na kumchoma chusa kabla hajazama. Ni chombo cha kuvizia. Ile niliyopewa Mida ilikuwa ya plastiki, rangi ya chungwa, ya kukalia juu, lakini tabia ya asili haijapotea: inalala chini, haina injini, na inaelea hata penye kina cha kiganja. Mvuvi wa hapa anayo mitumbwi kwa kazi zizo hizo, ila wengi huisukuma kwa pondo wakiwa wamesimama.

Suala la kusimama si dogo. Tembea kwa miguu juu ya tope la Mida maji yakiwa yamekupwa, na sululu, yule ndege wa kahawia mwenye mdomo mrefu uliopinda kwenda chini, ataruka ungali mbali kiasi kwamba huwezi hata kumwona jicho. Akiruka yeye kwa filimbi yake kali, wote waliomzunguka wanaruka. Mtu yuleyule akikaa katika chombo kilicholala juu ya maji, bila miguu inayoonekana, bila kivuli kirefu, hesabu inabadilika. Nafikiri miguu ndiyo inayomtangaza binadamu. Ukiificha, ndege anakuchukulia kama gogo lenye tabia za ajabu.

Hata gogo lina adabu zake. Kijana alinipa tatu nne kabla hatujafika kwenye fungu la kwanza. Usimwelekee ndege moja kwa moja. Pita mshazari, kama mtu aendaye zake. Kafi la pande mbili lisipande juu ya bega, maana upande wa hewani unaakisi jua na ndege anaona bawa kubwa. Usimkodolee macho. Na akiacha kula, acha kupiga kafi. Hili la mwisho alilirudia. "Akiinua kichwa amekuona. Akiinua kichwa mara ya pili anafikiria. Ukiendelea, ameshaondoka."

Tulianza pembeni, kwenye mikoko. Watu husema "mikoko" kwa miti yote ya majini, lakini ukiwa chini yake, kichwa kikiwa usawa wa mizizi, unaanza kuitenganisha. Mlilana unasimama mbele kabisa penye maji marefu, ukitoa vijiti vya kupumulia kutoka kwenye tope. Mkoko wenyewe una mizizi ya matao. Mkandaa na mchu iko nyuma, mchu ukivumilia chumvi hadi majani yanameta kwa chembechembe zake. Kaa wadogo wenye gando moja kubwa walikuwa wanapungia hewani katika vipande vya mwisho vya tope, kila dume akiita jike mbele ya tundu lake.

Mdiria wa mikoko alikuwa juu ya tao la mzizi, karibu sana hata sikuhitaji darubini. Kuna mdiria mwingine wa msituni anayefanana naye, ila huyo mdomo wake ni mwekundu juu na mweusi chini. Huyu wa mikoko ana mdomo mwekundu wote. Tofauti hiyo, ambayo kwenye kitabu inaonekana ya kutafuta kwa tochi, pale haikuwa na haja ya kujadiliwa. Alishuka, akachukua kaa, akarudi palepale, akampiga kwenye mzizi kushoto, kulia, kushoto, mpaka magando yakadondoka majini mbele ya kayaki yangu. Kisha akammeza kwa shida.

Nitawapita haraka yangeyange, ingawa wao ndio wa kwanza kupigwa picha na kila mgeni. Kuna aina ya pwani ambayo wengine ni weupe pepe na wengine kijivu cha moshi, ndugu wa jamii moja, na huwinda kwa kukimbia huku na huko wakifungua mbawa. Wanachekesha, na wanajua kwamba mtumbwi hutimua samaki wadogo, kwa hiyo wao ndio waliotusogelea sisi. Ndege anayekujia mwenyewe hakufundishi chochote kuhusu kumsogelea.

Katikati ya ghuba, fungu lilikuwa limebaki ukanda mwembamba. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kijana alisema tusipige kafi tena. Alichomeka kafi lake kwenye tope, akashika kayaki yangu kwa mkono, tukatulia. Maji yalipanda. Ndege waliokuwa wametawanyika upande wa pili walianza kurudi nyuma mbele ya maji, hatua kwa hatua, wakila huku wanahama, na njia yao ya kurudi ilikuwa upande wetu. Watu wanaouza safari za kayaki husifu uwezo wa chombo kwenda kimyakimya mpaka kwa ndege. Mida nimeona kinyume chake: faida kubwa ya kayaki ni kwamba unaweza kukaa ndani yake bila kwenda popote, ukaachia maji yafanye kazi ya kukusogezea ndege. Umbali si wako kuupunguza.

Wa kwanza kufika walikuwa vitwitwi. Kundi lao kwa mbali ni vumbi lenye miguu. Kwa karibu kila mmoja ana shughuli yake. Wapo wenye mdomo mfupi wanaokimbia, wanasimama ghafla, wanatazama, wanadonoa. Hao hutegemea macho. Wapo wenye mdomo mrefu ulioinama kidogo wanaodunga tope bila kutazama, maana ncha ya mdomo inahisi kilichomo. Hawa wa pili ndio waliokuwa wamebadilika rangi zaidi: kifua na tumbo vimekuwa vyekundu vya matofali, na viraka vichache vya kijivu bado havijaondoka. Ni ndege wa gramu 60 hivi anapokuwa hana akiba ya mafuta. Huzaliana kwenye nyika za barafu za kaskazini mwa Siberia, na huyu niliyekuwa naye, aliyekuwa akidunga tope umbali wa kafi moja kutoka kwenye goti langu, alikuwa na wiki chache tu za kujaza mafuta kabla ya kuanza safari hiyo. Nikaona pete ya chuma mguuni mwa mwenzake. A Rocha Kenya, wenye kituo chao pale Watamu, huwavisha pete ndege wa Mida, na ndiyo njia mojawapo ya kujua nani anarudi ghubani mwaka baada ya mwaka.

Kulikuwa na mmoja mwenye mdomo uliopinda kwenda juu na miguu ya manjano, mgeni wa kutoka Urusi, ambaye sitamsahau kwa namna anavyokimbia. Wenzake wanatembea kazini. Yeye anakimbiza kaa kwa mwinamo, kichwa mbele ya mwili, anapiga kona, anamkosa, anageuka. Halafu akimpata anakwenda kumwosha majini. Nilicheka, na kicheko hakikumshtua. Kafi langu lilipogonga plastiki kidogo ndipo wote walipoinua vichwa. Kwa muda tuliokaa pale niliona hivyo tena na tena: sauti ya mtu inavumiliwa kuliko mgongano wa ghafla.

Lakini nilikuja kwa ajili ya mla kaa.

Ni ndege wa urefu wa sentimita 40 hivi, mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu cha buluu, na mdomo mnene mweusi usiolingana na uzuri wa mwili wote. Wanasayansi wanamwita Dromas ardeola, jina alilopewa mwaka 1805, na wamemweka peke yake katika familia yake. Hana ndugu wa karibu wa kuwekwa naye. Anaishi kwenye fukwe za Bahari ya Hindi tu, na Mida ni mojawapo ya sehemu za Kenya anapoonekana kwa mamia.

Walikuja kwa miguu, wamejipanga kwenye mstari wa maji. Kwa darubini kutoka ufukweni mla kaa ni mrembo wa kusimama. Ukiwa usawa wake ni mchinjaji. Anatembea polepole, anaganda, anakwenda mbio hatua chache, halafu mdomo unashuka. Sauti ya gamba kuvunjika inasikika juu ya maji vizuri kabisa, na hiyo ni sauti ambayo chombo chochote cha kukuza picha hakiwezi kukupa. Kaa mdogo humezwa mzima. Mkubwa hudungwa, hutikiswa miguu ikatoka, kisha hurudiwa kiwiliwili. Mmoja alikuwa karibu kiasi kwamba niliona unyevu wa tope ukikauka kwenye mdomo wake.

Nyuma ya mmoja wao alifuata mwingine wa kimo kilekile, mgongo wake si mweusi bali wa kijivu kilichochujuka. Huyo ni wa mwaka jana. Aliinama, akajikunja, akapiga mluzi wa kulalamika. Walaji kaa huwalisha watoto hata baada ya kuhama nao hadi pwani yetu, jambo ambalo ndege wengi wa tope hawalifanyi kabisa. Vifaranga vya hao wengine hujitafutia tangu siku za kwanza. Mzazi alivunja kaa, akammeza, akasogea. Mtoto akafuata akipiga mluzi. Mzazi akavunja mwingine. Kijana aliyekuwa pembeni yangu akanong'ona, "Mwezi wa Machi hapewi tena. Septemba ungeona, anapewa kila kitu."

Mtoto huyo alianguliwa shimoni. Hakuna ndege mwingine wa tope anayefanya hivyo. Mla kaa huchimba tundu refu kwenye mchanga wa visiwa na fukwe za Ghuba ya Uajemi, Oman na Bahari ya Shamu, hutaga yai moja jeupe, kubwa kwa mwili wake, na joto la mchanga uliopigwa na jua humsaidia kulilea hata mzazi akiondoka kwenda kula. Jua ambalo lingeua yai la ndege mwingine, kwake ni msaidizi. Walaji kaa wengi hukusanyika Barr Al Hikman, tambarare za maji kupwa na kujaa za Oman. Wengine hushuka mpaka kwetu. Wanapoondoka Aprili, kusi linakuwa linaanza kuvuma kuelekea huko. Majahazi ya Arabuni yalikuwa yakiungoja upepo huohuo, yamesheheni boriti za mikoko kutoka Lamu na Rufiji kwa ajili ya dari za nyumba za nchi zisizo na miti ya kujengea. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha mikoko nje mwaka 1982. Ndege wameendelea na njia yao, na kurudi hawasubiri kaskazi. Agosti, kusi likiwa bado lina nguvu, wa kwanza huwa wameshaingia.

Fungu likabaki upana wa mkeka. Wote walikuwa wamesongamana hapo, vitwitwi miguuni mwa walaji kaa, sululu wawili wakiwa nje ya kundi wakitupa jicho la mashaka. Furukombe akapita juu, mbawa ndefu zilizokunjika kidogo kwenye kiwiko, na kundi zima likalala chini bila kuruka. Wanajua anatafuta samaki. Alijitupa miguu mbele nyuma yetu, akatoka na kitu kinachometa, akakigeuza kichwa kielekee mbele, akaenda zake kuelekea Kirepwe, kisiwa cha mikoko kilicho ndani ya ghuba.

Kisha ikaja boti. Ilikuwa na injini, na watu watatu wenye kamera za mirija mirefu, na nahodha aliyejua anachotakiwa kufanya: alilenga fungu, akaongeza mafuta. Anga likajaa. Nadhani picha zilitoka nzuri sana, kundi zima hewani, jua nyuma. Boti ikazunguka ili wapate tena. Kwa ndege anayetakiwa kufika Siberia kwa mafuta ya mwili wake, kila kurushwa hivyo ni akiba inayotumika bure, na maji yanapojaa hana pa kuirudishia mpaka yapwe. Mimi sina neno na wapiga picha. Nina neno na picha inayotaka ndege wote wawe wanakimbia. Ghuba hii imo ndani ya hifadhi ya taifa ya bahari, kuna ada tunayolipa mlangoni, na sioni kwa nini masharti ya mwendo wa boti karibu na mafungu yasifuatwe kwa ukali uleule tunaodaiwa tiketi. Kijana hakusema kitu. Aling'oa kafi lake topeni, akaelekeza kayaki kwenye mikoko.

Walikuwa wamehamia huko. Maji yakijaa kabisa, walaji kaa hupanda juu ya mikoko mifupi au husimama kwenye maji ya kina kifupi kati yake, wanaficha mdomo mgongoni na kungoja. Hapo hatukukaribia. Ndege anayekula akiondoka anakwenda kula mahali pengine. Anayepumzika wakati wa maji makuu hana mahali pengine. Tulipita kwa mbali, ndani ya mkondo, kafi chini.

Mzee mmoja alikuwa amefunga mtumbwi kwenye mlilana, ameketi chini kabisa ndani yake, magoti juu, anatega mshipi. Chombo kilikuwa cha mwembe, kimezibwa nyufa kwa lami. Juu ya tawi la mti uleule, karibu naye kuliko mimi nilivyowahi kuwa karibu na ndege yeyote asubuhi ile, walikuwa wamesimama walaji kaa saba na yangeyange mmoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmeona ndege?"

"Tumeona, mpaka boti ilipokuja."

"Boti." Akavuta mshipi, akaangalia chambo, akarudisha. "Na hicho chombo chako umekodi kwa pesa ngapi?"

Nikamtajia. Akamtazama kijana, kijana akatazama maji.

"Mimi nitakuchukua kwa nusu," mzee akasema. "Utakaa mbele, usiongee, na usivae hiyo fulana ya manjano. Kesho maji yanajaa saa nne kasoro. Uwe hapa saa moja, na uje na chambo."

"Chambo gani?"

"Kamba. Wewe utatazama ndege, mimi nina kazi."